Dawa Haikuisha

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Mkaniomba pia niwaandikie mambo ya kazini, hasa ya zamani, na mmoja wenu akaongeza, "Yale mazuri mazuri, Madam." Nimekaa hapa nyumbani Kehancha nikijaribu kuyapanga hayo mazuri. Yapo, na mengine yanachekesha. Lakini kila nikishika kalamu linatangulia moja ambalo si zuri hata kidogo, nami nimechoka kulirudisha nyuma. Basi nitaandika hilo. Mkiona hasira humu msiseme ni uzee. Nilikuwa nayo nikiwa bado na meno yote.

Nilianzia Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mfamasia mpya kutoka chuoni, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi hadi likawa linasimama lenyewe. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa stoo na fagio, na fagio ndilo lililokuwa na kazi. Stoo ilijaa katoni za dawa za minyoo, nyingi kuliko minyoo ya wilaya nzima, na hakukuwa na tembe hata moja ya kifafa. Mimi ni Mkuria. Wagonjwa wengi walikuwa Wajaluo. Tukaelewana kwa Kiswahili, wao na chao, mimi na changu, na kabla wiki haijakwisha nilikuwa nimeshapewa jina la nyar Kuria, binti wa Wakuria. Walioniita hivyo kwa upendo na walioniita kwa kejeli walitumia sauti tofauti, nami nikajifunza kuzitofautisha kabla sijajua Kijaluo chochote.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa hata wa idara yangu. Opiyo alikuwa mkuu wa maabara, mrefu, mkavu, miwani yake imeungwa kwa plasta ya vidonda. Aliamini kwamba mfamasia asiyeijua damu ni muuza duka tu. Siku moja aliniita mezani kwake. Alikuwa na tyubu mbili za kioo. Moja aliiacha kama ilivyo. Nyingine alikuwa ameipaka nta ya mshumaa kwa ndani, nyembamba kama ngozi ya juu ya maziwa. Akajidunga mwenyewe, akagawa damu yake humo, akazisimamisha kwenye kikombe.

"Tazama," akaniambia. "Usiongee, tazama."

Ile ya kioo kitupu iliganda kwanza. Akaipindua juu chini, damu ikakaa palepale kama uji uliopoa. Akainamisha ile ya nta. Damu ilikuwa bado inatiririka.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Damu ina protini, hizo unazijua. Kitu kigeni kikiingia, hizo ndizo hufika mbele. Kabla seli yoyote haijasogea, protini zimeshakishika, zimekivalisha nguo yake, na mwili wote unajua huyu si wetu. Kioo kinashikika upesi. Nta inateleza kidogo."

"Kwa hiyo nta inazizuia?"

"Haizuii. Inachelewesha." Akaisukuma miwani yake juu. "Na kazi yetu hospitalini, nyar Kuria, karibu yote ni hiyo."

Baadaye Opiyo aliondoka Migori, akaenda kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa kando ya barabara ya Rangwe kuelekea Homa Bay. Jina lake silitaji, kwa sababu ina watu wengi wema ambao hawakuhusika. Walipohitaji mfamasia alinitaja, nami nikahama na sanduku langu na lile koti ambalo sasa lilikuwa limejifunza kukunjamana.

Ninyi mliokuja wakati vidonge vya virusi vinatolewa bure hamwezi kuijua wodi ya miaka ile. Kitanda kimoja kililala wawili, na wa tatu alikuwa chini yake. Maseremala wa barabara ya Homa Bay waliacha kutengeneza viti, wakawa wanatengeneza majeneza tu, na waliyaanika nje kama mtu anavyoanika samaki. Virusi vilikuwa na jina lakini halikutamkwa. Watu walisema "huu ugonjwa", au walisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, na mwenye chira hana wa kumwonea huruma. Sisi hatukuwa na dawa ya virusi. Tulitibu vilivyokuja nyuma yake: kifua, kuhara, utando mdomoni. Na ile saratani ya madoa ya zambarau, inayoanza kama chubuko mguuni, kisha mguu unavimba, unakuwa mgumu kama gogo, na madoa yanapanda hadi kwenye kaakaa.

Kwa saratani ile tulikuwa na sindano moja iliyokuja ilipopenda, na mara chache tulipata dawa nyekundu. Dawa nyekundu ya kawaida inaua saratani, lakini haichagui. Inaingia kwenye moyo, kwenye utumbo, kwenye mizizi ya nywele. Mtu aliyedhoofishwa na ugonjwa ukimpa dawa hiyo, mara nyingi hujui ni kipi kitakachommaliza kwanza.

Katikati ya miaka ya tisini wakaja wageni. Walikuwa watafiti kutoka ng'ambo, pamoja na wenzao wa Nairobi, na walileta dawa ileile nyekundu ikiwa imefungwa kwa namna mpya. Nilipewa chupa ya kwanza niishike. Ilikuwa kama maji yaliyochemshiwa bitiruti, inang'aa kidogo ukiiinua kwenye mwanga. Walitueleza, nami niliwaelewa mara moja, kwa sababu Opiyo alikuwa amenionyesha nusu ya habari kwa mshumaa.

Dawa ilikuwa imewekwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo mno, havionekani hata kwa darubini yetu ya maabara. Walikuwa wamejaribu vitone vitupu zamani, na vilishindwa. Vikiingia tu kwenye damu, protini zinavirukia na kuviganda, na ini na bandama vinavimeza kama takataka. Basi safari hii walikuwa wamevipandia nywele. Kila kitone kilizungukwa na nyuzi ndefu laini zinazopenda maji, zinayashika na kuyumbayumba. Protini ikija inakutana na maji na nyuzi zisizotulia, inakosa pa kushika, inapita. Kitone kinabaki kikizunguka mwilini siku nyingi. Na mishipa ya saratani ile ni mibovu, inavuja kama kapu. Vitone vinapenya hapo hapo penye madoa, vinajikusanya, vinaachia dawa polepole. Moyo unapata kidogo. Nywele za mgonjwa zinabaki kichwani.

Nakiri ilinifurahisha. Mimi si mtu wa kufurahishwa na chupa, lakini kuna kazi za akili ambazo ukiziona unajisikia vizuri kuwa binadamu.

Masharti yalikuwa machache na makali. Ichanganywe na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi. Iende polepole kwenye mshipa. Ikae kwenye friji, na isigandishwe, kwa sababu barafu inapojijenga inachana vile vitone, dawa inamwagika nje, nywele zinajisokota, na unabaki na kitu ambacho hupaswi kumtia mtu. Niliwafundisha wote waliokuwa na ufunguo wa mlango wowote, kuanzia wauguzi hadi daktari mkuu wetu, Dkt. Okelo. "Friji ndiyo. Friza hapana," nilirudia mpaka wakanitania nayo.

Kati ya wagonjwa walioandikishwa alikuwamo Peres, fundi cherehani wa soko la Rangwe, ambaye wote walimwita Mama Awino kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mjane. Alishona sare za shule, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga. Alipokuja mara ya kwanza mguu wa kulia ulikuwa umefura hadi gotini, mweusi, umepasuka.

"Daktari," aliniambia, maana kwao kila mwenye koti ni daktari, "cherehani inataka miguu mbili. Hii moja imenikataa."

Nilimweleza dawa, kwa kuwa nilikuwa nawaeleza wote. Wageni waliona napoteza muda. Nikamwambia habari za vitone na protini na nyuzi zinazoyumba. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Kwa hivyo mmeivalisha nguo ambayo uchafu haishiki."

"Karibu hivyo."

"Kama nailoni. Ukichora na chaki, chaki inateleza, hupati laini ya kukata. Sufu inashika kila kitu." Akafikiri. "Lakini nailoni pia, ukikaza sana, chaki itashika mwishowe."

"Ndiyo, Mama. Mwishowe inashika. Ila dawa itakuwa imeshafika."

"Basi ni sawa," akasema, na akanyoosha mkono wake kwenye mto.

Mgeni mkuu alisimama mbele ya wagonjwa wote siku hiyo akasema, "Tutakuwa pamoja nanyi." Opiyo ndiye aliyetafsiri kwa Kijaluo. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba katika maneno yote aliyowahi kusema maishani, hayo ndiyo angependa kuyarudisha mdomoni.

Siku chache baada ya dripu ya kwanza wagonjwa walirudi kutolewa damu. Opiyo aliizungusha kwenye mashine, seli zikakaa chini, maji ya damu yakabaki juu. Akaniita. Maji ya damu huwa na rangi ya majani makavu. Haya yalikuwa na wekundu mwepesi, kama maji yaliyosuuziwa glasi ya juisi.

"Bado inatembea," akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya kawaida ingekuwa imeshapotea siku ileile. Protini zote hizi, na bado inatembea."

Tulisimama pale tukiitazama. Nilimkumbusha mshumaa wake. Akacheka, na Opiyo hakuwa mtu wa kucheka.

Mguu wa Mama Awino ulianza kunywea baada ya dripu ya pili. Baada ya ya tatu ngozi ilikuwa imelainika, madoa yamefifia yakawa kahawia. Alikuwa hakubali miadi siku ya Sabato, hata wageni wangepiga magoti, kwa hiyo alikuja siku zake nyingine, na kila alipokuja aliuweka mguu juu ya benchi langu bila kuombwa. Siku moja nilipita soko la Rangwe nikitafuta mboga. Nilisikia cherehani kabla sijamwona. Alikuwa ameinama, miguu yote miwili inakanyaga, kitambaa cha buluu kinamwagika mbele yake.

"Nyar Kuria," akaniita bila kuinua kichwa, "usikanyage hiyo kola."

Hiyo ndiyo furaha yote niliyoipata katika kazi ile, na nataka mjue kwamba niliipata kweli. La sivyo hamtaelewa yanayofuata.

Dripu za Mama Awino hazikuwa zimekwisha, wala za wengine wawili watatu waliokuwa wanaendelea vizuri, alipokuja mkaguzi wa utafiti. Alikuwa Mkenya mwenzetu kutoka Nairobi, kijana nadhifu, mwenye adabu. Tuliketi ofisini kwa Dkt. Okelo: wao wawili, mimi na Opiyo.

"Utafiti umefungwa," akasema. "Matokeo yaliyopatikana yanatosha."

"Yanamtosha nani?" nikauliza.

"Yanatosha kwa kazi iliyokusudiwa."

"Mama Awino hajamaliza."

Akafungua mkoba wake, akatazama. "Sina mshiriki wa jina hilo. Sisi tuna namba."

Nikamtajia namba yake. Niliijua kama ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa.

"Huyo ameshatoa taarifa za kutosha," akasema. "Chupa zilizobaki zichomwe, nami nishuhudie. Ndio utaratibu."

"Hazijaharibika. Muda wake haujapita. Ziko kwenye friji langu na wenyewe wako kilomita chache kutoka hapa."

"Madam, hapa hatuzungumzii kuharibika. Ni mali ya utafiti. Mgonjwa akipewa nje ya utafiti na akapata tatizo, nani atawajibika?"

"Mimi."

"Huwezi."

"Nimesema mimi."

Opiyo akaingilia. "Kijana, umetoa damu yao mara ngapi? Hiyo mlipeleka mkaipima. Hiyo haikuwa mali ya mtu?"

Mkaguzi akafunga mkoba wake. Sasa nikimfikiria naona naye alikuwa ametumwa na waliotumwa. Lakini nimeamua hasira yangu itoshe wote, na yeye sehemu yake anayo.

Dkt. Okelo aliogopa, na ninajua alichokuwa akiogopa: wageni walewale walikuwa wameahidi jenereta kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na tulikuwa tumewahi kupasua watu kwa mwanga wa tochi. Hofu yake ilikuwa na sababu. Sijawahi kusema haikuwa nayo.

"Rhobi," akasema, "toa ufunguo wa friji."

"Sitoi, Daktari. Nifukuze kwanza. Ukinifukuza utauchukua."

Hakunifukuza. Mkaguzi akasema atapita tena kesho yake, tukatawanyika. Mimi nikaamini nimepata siku moja, na kwamba kwa siku moja ningeweza kumpigia simu mtu, kumwomba askofu, kuwaita wagonjwa wenyewe waje wakae mlangoni. Nilipanga hivyo kabisa.

Asubuhi mpishi wetu alinifuata duka la dawa, mikono yake imejaa unga. Alikuwa mama mpole asiyependa maneno.

"Madam, zile vichupa nyekundu ni zako? Nimezipata kwa friza ya jikoni. Chini ya ngege."

Nilikwenda. Zilikuwa zimelala chini ya samaki, ndani ya mfuko wa plastiki, zimeganda ngumu. Ukizigonganisha zililia kama mawe. Ufunguo wa akiba wa friji langu ulikuwa kwa mtu mmoja tu hospitalini.

Nilichukua moja nikaiacha iyeyuke polepole mezani. Tuliketi nayo, mimi na Opiyo. Wekundu ulirudi lakini ule mng'ao haukurudi. Chini ya chupa kulikuwa na vipande, kama maziwa yaliyokatika. Opiyo aliiinua kwenye dirisha, akaiweka, akatoka nje.

Dkt. Okelo hakukana. Nilimkuta ameshakunywa chai yake nusu, amekaa wima.

"Wewe ndiye uliyetufundisha," akasema. "Friji ndiyo, friza hapana. Sasa hakuna cha kugombania, Rhobi. Mkaguzi atachoma, tutaendelea na kazi. Na wagonjwa wakiuliza, waambie dawa imeisha."

Nimewahi kutukanwa na walevi, na mgonjwa wa akili aliwahi kunitupia chupa ya sharubati ya kikohozi. Hakuna kilichoniuma kama kusikia somo langu likirudi kutoka mdomo ule. Mtu asiyejua akikosea, unamfundisha. Huyu alijua, na alichagua kwa sababu alijua.

Tena lile neno. Vijana wangu, shikeni hili, hata mkisahau mengine. Dawa huisha. Tunaishiwa kila mwezi, na hakuna aibu kumwambia mgonjwa imeisha, rudi Alhamisi. Lakini dawa iliyopo ikamwagwa, ikachomwa, ikafungiwa au ikagandishwa haikuisha. Imemalizwa, na aliyeimaliza ana jina. Siku mtakapoambiwa mseme imeisha, ulizeni kwanza iliishaje.

Mama Awino alikuja siku yake. Alipanda kwenye benchi, akanyoosha mkono, akaniona sina chupa.

"Iko wapi?"

"Imegandishwa, Mama. Haifai tena."

"Stima ilipotea?"

"Hapana. Imegandishwa na mtu."

Nikamwambia nani, na kwa nini. Alishuka kwenye benchi, akavaa kiatu chake polepole, akatembea hadi ofisi ya daktari mkuu. Mimi nilimfuata. Hakubisha hodi. Aliketi kwenye kiti cha wageni, akavuta kiti kingine, akauweka mguu wake juu yake, akapandisha sketi hadi gotini.

"Daktari," akasema, "mimi sijui mambo ya mkutano. Lakini mguu ndio huu. Iambie wewe mwenyewe."

Dkt. Okelo alitazama meza. "Mama, kuna sindano nyingine tutakupa."

"Usiniambie mimi. Ambia mguu."

Mama Awino alikaa pale kiasi cha mtu kumaliza kunywa chai, kisha akashusha mguu, akashusha sketi, akatoka. Nje aliniuliza kama ile sindano nyingine ipo. Nikamwambia wiki hiyo ilikuwapo.

Tulimpa tulichokuwa nacho, kilipokuwapo. Mguu ulivimba tena. Alibadilisha, akawa anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, na sare alizoshona siku hizo mshono wake unakwenda kombo kidogo ukiujua. Halafu madoa yakaingia kifuani. Sitasema kwamba ile dawa ingemponya. Virusi vilikuwa palepale, na vidonge vyake vilikuwa bado miaka mingi mbele. Ingemchelewesha. Ingempa muda wa miguu miwili, na mtu anayelea watoto peke yake anajua muda huo unatosha kushona nini. Alifariki kabla mvua za vuli hazijaanza.

Alizikwa kwa mume wake, nje kidogo ya Rangwe. Waadventista wa kanisa lake waliimba, mama yake mzazi alikuwa ameletwa kutoka Karungu, bibi mwembamba sana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza. Dkt. Okelo alikuja. Alipewa nafasi ya kusema, kama anavyopewa mtu mkubwa, na alisema kwa Kijaluo chema, kwa huzuni ambayo nadhani ilikuwa ya kweli. Kijaluo changu wakati huo kilitosha kuelewa alipomalizia kwamba hospitali ilifanya yote iliyoweza.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

"Si yote," nikasema.

Watu waligeuka. Mkuria, mwanamke, kwenye matanga ya watu. Mchungaji, mzee mtaratibu aliyekuwa akitafsiri kwa ajili ya wasiojua Kijaluo, akanitazama, akanisogelea. "Sema, dada. Nitatafsiri."

Nikasema kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Kwamba dawa ilikuwapo. Kwamba ilikuwa inafanya kazi, na mguu waliuona wenyewe. Kwamba wenye dawa waliamua wamepata walichotaka. Kwamba ililala kwenye barafu chini ya samaki kwa mkono wa mtu aliyejua barafu itaifanya nini. Nilipofika hapo mchungaji aligeuka. Alimtazama Dkt. Okelo, ambaye alikuwa muumini wake na mfadhili wa kanisa lake. Nikadhani ataliruka neno hilo. Hakuliruka. Alitafsiri lote, na sauti yake haikupungua.

Kwa sababu ya maneno yale mkataba wangu pale haukuendelezwa. Ndipo nikarudi Migori, mlikonikuta ninyi, na nikabaki huko hadi juzi. Opiyo alikaa hospitalini pale, na hadi anastaafu hakupanda tena ngazi za ofisi ya daktari mkuu. Waliomhitaji walimfuata maabara. Jenereta lilikuja. Liliokoa watu, na mimi nafurahi lilikuja, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Lakini siku ile, mchungaji alipomaliza kutafsiri, yule bibi wa Karungu aliinua mkono kidogo kutoka kwenye kiti chake akauliza kitu. Mchungaji aliinama kumsikia, kisha akasimama wima.

"Anauliza, hiyo dawa ilikuwa ya nani."

Dkt. Okelo akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwamba ilikuwa ya wageni.

Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Aligeuza shingo yake, akatutazama mmoja mmoja, safu baada ya safu, waimbaji, majirani, sisi wa makoti meupe, hadi kwenye barabara ambako hapakuwa na gari jingine linalokuja. Kisha akasema neno fupi, na mchungaji akalisema kwa Kiswahili akiwa ananiangalia mimi.

"Anauliza, mbona hawakuja kuzika."